Watu Mia Tatu wa Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Machi
Mvua ya kwanza, tangu alfajiri. Paa linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya kitanda cha Mama, naye amekataa kukisogeza. "Lisogee paa," amesema.

Jumatano, 4 Machi
Kazini dirisha la mapokezi limefunguliwa kwa wakati. Watoto wanne wa kuhara, wote wa kwetu bondeni. Nimewaandika namba 14 kama kawaida.

Nieleze jambo hili mara moja, nikija kulisoma uzeeni nisijishangae. Kompyuta ya zahanati haitoi kadi ya mgonjwa bila jina la mtaa na namba ya nyumba. Bondeni hatuna mtaa wala namba. Kwenye vitabu vya manispaa sisi ni eneo la wazi, majani na mfereji basi. Nyumba ya mwisho yenye namba kabla hujateremka kwetu ni ya fundi cherehani, namba 14, Barabara ya Juu. Zamani mteja wake mmoja, mjamzito, alimwomba amwazime namba apate kadi. Akamwazima. Akaja wa pili, akaja na shemeji yake. Leo bondeni nzima, mimi na Mama tukiwemo, tunaishi kwa fundi, ambaye hana hata chumba cha wageni.

Hakuna anayeona vibaya. Mwaka juzi watu wa ofisi ya ardhi walipita wakapiga alama za X nyekundu kwenye kuta zetu, kisha wakaondoka bila kusema watarudi lini. Tukapaka chokaa. Tangu hapo bondeni ina sheria moja: usijulikane.

Jumamosi, 7 Machi
Nimefua. Hakuna kilichokauka.

Jumatatu, 9 Machi
Mvua. Watoto tisa, watu wazima watatu. 14, 14, 14. Kidole kimeshaijua njia.

Alhamisi, 12 Machi
Ametujia mtakwimu wa wilaya, msichana wa rika langu, mabuti ya mpira na kompyuta ndogo ndani ya mfuko wa nailoni. Hakusalimia vizuri. Alikaa kwenye meza ya nyuma akichota orodha yetu ya wagonjwa na kuigeuza kuwa ramani, kila mgonjwa doti nyekundu. Wauguzi wamempa jina la Vidoti kabla hajamaliza chai.

Mchana alimwita mganga mfawidhi, mkuu wetu, na mimi nikachungulia. Mji mzima una vidoti vilivyotawanyika kama upele. Kwenye Barabara ya Juu kuna kimoja, kikubwa kama sahani.

"Hapa pana nini?" akauliza.

"Cherehani," nikasema. Sikuongeza neno. Mfawidhi naye hakuongeza. Anajua, ni yeye aliyenifundisha kazi.

Sijampenda Vidoti. Anaangalia watu kama anatafuta kilichopungua.

Jumanne, 17 Machi
Nimeandika haya kwa kucheka na kwa hasira, sijui kipi kilianza.

Gari la afya lilisimama kwa fundi saa tatu. Wakashuka watu wanne, barakoa, mabuti, mabomba ya dawa mgongoni. Mtaa mzima ukatoka. Mimi nilikuwa nimetumwa kupeleka fomu zao.

"Mzee, humu ndani mnaishi wangapi?" akauliza kiongozi wao.

"Mimi na mke wangu."

"Kompyuta inasema mia tatu na kumi na wawili."

Fundi akavua miwani, akaipangusa. "Basi wengine wananiepuka. Sijawahi kuwaona wakati wa kula."

Mkewe akatokea mlangoni. "Mia tatu! Nilizaa lini, nikiwa nimelala?"

"Uliza huko huko kwenye kompyuta, mama watoto. Huenda ina mke mwingine."

Watu wakaangua kicheko. Kiongozi hakucheka. Wakapuliza dawa vyumba vyote viwili, wakafunga choo kwa utepe wa njano, wakachukua maji ya bomba lake kwenye chupa, wakabandika karatasi kwenye duka: limefungwa kwa hatari ya maambukizi. Suti ya bwana harusi ilibaki ndani bila mikono.

Walipoondoka nilimfuata fundi uani. Nikamwambia kwa nini hukusema, mzee wangu. Neno moja tu, si wangu, wangekuacha.

"Nikisema si wangu, wataniuliza ni wa nani," akajibu. "Halafu? Wee nenda kazini. Mimi nitapumzisha mguu, huu wa cherehani una miaka mingi haujapumzika."

Ijumaa, 20 Machi
Tangi la maji yaliyotibiwa limeletwa. Liko moja tu kwa wilaya nzima, na limewekwa ubavuni mwa nyumba ya fundi, ndiko ramani ilikosema. Watu wa Barabara ya Juu wana mabomba yao majumbani. Nimemkuta kijana mmoja akiosha pikipiki kwa maji ya tangi.

Jumapili, 22 Machi
Mvua usiku kucha na mchana. Mfereji umejaa, zile mbao tunazovukia zimekwenda na maji. Ukitaka kufika juu unazungukia daraja kubwa. Hakuna wa kuzunguka huko na ndoo kichwani. Tunakunywa tulichonacho.

Mama anasema ni vyoo. Mimi pia nasema ni vyoo. Jirani anasema ni mama anayeuza maandazi, kwa sababu wana ugomvi wao.

Jumatano, 25 Machi
Mtoto wa Mama Mkaa amefariki.

Ni jirani yetu wa tatu, anauza mkaa. Mtoto wa kiume, ndiyo kwanza alikuwa anasimama kwa kushika ukuta. Alianza kuharisha jana jioni. Kulipopambazuka mama yake alimfunga mgongoni akaja hadi mfereji, akaukuta umefurika. Akageuka, akazungukia daraja. Nilikuwa dirishani alipoingia, amelowa mpaka kichwani, na sikumwomba kadi. Nilimwita muuguzi kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Walitafuta mshipa mkononi, mguuni, kichwani. Ngozi ya tumbo ukiivuta ilibaki imesimama kama kitambaa. Mfawidhi mwenyewe alishika sindano, na mkono wake hautetemeki, namjua. Hawakuupata mshipa kwa wakati.

Kisha ikabidi niingize. Kompyuta inauliza vifo kwa utaratibu uleule: jina, umri, mtaa, namba. Nikaandika Barabara ya Juu, 14.

Vidoti alikuwa meza ya nyuma. Aliona doti jipya likitokea, likaungana na lile kubwa. Akasema taratibu, "Lakini ile nyumba imefungwa tangu wiki iliyopita." Akanitazama. Nikainuka nikaenda kunawa mikono.

Alhamisi, 26 Machi
Mama Mkaa amekuja na kaka yake kuchukua kibali cha mazishi. Nikampa. Aliisoma karatasi yote, polepole, kidole juu ya kila mstari.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Makazi ya marehemu, dada."

"Naona. Namba kumi na nne. Mwanangu hajalala kwa fundi hata siku moja."

"Ni ile tunayoandika wote."

"Futa."

"Kompyuta haikubali."

"Basi isikubali. Na mimi sikubali."

Alichukua kalamu yangu, ile iliyofungwa kwa uzi, akakata mstari akaandika kwa mkono wake: Bondeni. Mfawidhi akatoka ofisini kwa sababu foleni ilikuwa imenyamaza.

"Mama, pole sana. Lakini karatasi ya serikali haichorwi."

"Sijaichora, daktari. Nimeisahihisha."

Akaikunja, akaitia kifuani, akaenda kumzika mwanawe. Hakuna aliyemzuia. Jioni nilipofungua dirisha la kompyuta nikaona jina lile bado liko kwa fundi, na nikaapa hapa, kwa maandishi, kwamba ni la mwisho.

Jumapili, 29 Machi
Tumekutana kwenye uwanja wa mkaa, chini ya maturubai, bondeni karibu nzima. Fundi ameteremka na mkewe; wamezunguka daraja kubwa kwa miguu.

Nilisema niliyonayo. Maji na dawa vinakwenda kwenye vidoti. Vidoti vyetu viko kwa fundi. Tukitaka vije huku, lazima tuandikwe huku.

Mlinzi mstaafu akasimama. Ni mtu wa heshima na maneno yake hayakuwa ya kipuuzi. "Mnajua nani anasoma hizo ramani? Si hospitali peke yake. Ofisi ya ardhi inatafuta sababu. Mkijitangaza mna kipindupindu, watabomoa na kusema wanatuokoa. Tumekaa hapa kwa kuwa hatuonekani."

Watu wengi waliguna kukubali. Hata mimi, moyoni, niliguna. Ndipo Mama akasema, bila kusimama, kwa sababu ya magoti.

"Mlinzi, mvua inatuona. Mfereji unatuona. Ugonjwa unapita mlango kwa mlango hauulizi namba. Asiyetuona ni mwenye tangi tu. Mimi nimechoka kujificha kwa anayeniletea maji."

"Na tingatinga likija, shangazi?"

"Litanikuta na anwani. Sasa hivi likija linabomoa majani."

Mama Mkaa akainuka. Alitoa ile karatasi, akaiinua juu ili wote waone neno alilolisahihisha. Ikapigwa kura ya mikono. Mlinzi hakuinua wake. Wachache wengine pia. Lakini mlinzi ndiye aliyeuliza baadaye, "Haya, zinaanzia upande gani hizo namba?"

Rangi haitashika kwenye ukuta wenye maji. Fundi akasema atazishona. Duka limefungwa, muda anao, na vipande vya turubai anavyo.

Jumatatu, 30 Machi
Nimemwambia Vidoti kila kitu. Nilitarajia akasirike. Alizungusha kalamu.

"Nyumba moja, choo kimoja, wagonjwa mia," akasema. "Nilijua kuna kitu. Nilidhani mnaandika kwa uvivu."

"Si uvivu. Ni woga."

"Sasa nisikilize, dada. Nikiweka vidoti bondeni, ramani ninayopeleka afya ndiyo hiyohiyo ofisi ya ardhi inaipata. Sina uwezo wa kuwaficha hata nikitaka. Usije ukasema sikukwambia."

"Tumepiga kura."

"Kura ya nini?"

"Ya kutoficha."

Akafungua kompyuta yake. "Basi mnaanza lini kuweka namba? Siwezi kuweka doti hewani."

Jumatano, 1 Aprili
Fundi ameleta cherehani kwa Mama. Anakata namba kwenye turubai la bluu, anazishona juu ya turubai jeupe, mishono miwili kila ukingo. Mkewe anatoboa matundu ya waya. Kila saba anaitia mkia. "Saba bila mkia ni moja iliyolewa," anasema.

Mvua kutwa.

Jumamosi, 4 Aprili
Namba zote zimening'inizwa, 1 hadi 118. Yetu ni 63. Mama ametoka kuitazama mara nne na kila mara anajifanya anamwaga maji.

Vidoti amekuja siku yake ya mapumziko. Tumepita mlango kwa mlango, yeye, mimi na Mama Mkaa, tope hadi kwenye mabuti. Kila mlango maswali yaleyale: nani aliugua, lini, mnachota maji wapi. Mama Mkaa ndiye aliyekuwa akiuliza hilo la mwisho. Hakuna aliyemjibu kwa uongo.

Mwanamke wa 91 alimwambia Vidoti, "Na wewe, mtoto mzuri, umeolewa?"

"Hilo halimo kwenye fomu, mama."

"Liongeze. Nina kaka."

Ni mara ya kwanza kuona meno ya Vidoti.

Jumanne, 7 Aprili
Ameleta ramani mpya. Nilijua nitakachokiona: vidoti bondeni kote, vingi zaidi karibu na vyoo. Sivyo. Vyoo viko pande zote, lakini vidoti vimejipanga mstari mmoja, safu ya chini kabisa, kama shanga. Safu za juu karibu hazina kitu.

"Safu ya chini inachota wapi?" akaniuliza, na jibu analo.

Bomba la chini. Lile linalopita ndani ya mfereji. Mfereji ukijaa, lile bomba liko ndani ya maji machafu, na pale penye kiungo pana ufa. Miaka yote tumekuwa tukilaumiana vyoo na maandazi. Mama nilipomwambia alikaa kitako. Kisha akatuma sahani ya chakula kwa mama wa maandazi, kwa niaba ya jirani, bila kumwambia jirani.

Mfawidhi ameiona ramani naye. Ameitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniita ofisini.

"Vidoti ni kazi ya mtakwimu. Kadi ni saini yangu. Usiingize kadi za Bondeni."

"Namba zipo, daktari. Nenda ukazione."

"Namba za turubai. Mimi siweki saini kwenye anwani ambayo manispaa haijawahi kuiandika. Wakija kunikagua nitawaonyesha nini, sindano na uzi?"

"Na chanjo?" Chanjo ya mdomo ya kipindupindu inakuja mwezi ujao, na itagawiwa kwa hesabu ya kadi za kila mtaa. Bila kadi, bondeni haipati hata tone.

"Najua kuhusu chanjo." Akafuta uso kwa kiganja. "Mimi pia nilimshika yule mtoto. Lakini siwezi."

Nikamwambia basi na mimi siandiki tena kumi na nne. Anayetoka bondeni nitamwandikia Bondeni, na kompyuta ikikataa nitaacha wazi na kuandika kwenye karatasi. Akasema ataniandikia barua ya onyo. Nikamwambia anwani yangu ni Bondeni, namba 63.

Ijumaa, 10 Aprili
Tangi limehamishwa. Lori limezungukia daraja kubwa, likateremka taratibu watoto wakilifuata. Limewekwa mbele ya uwanja wa mkaa. Foleni ya ndoo tangu saa moja. Utepe wa njano wa fundi umekatwa, duka limefunguliwa, suti imepata mikono, harusi imeshapita.

Barua ya onyo nimeipata. Imeandikwa kupitia zahanati, haina anwani.

Alhamisi, 16 Aprili
Mafundi wa maji wameziba ufa na kuliinua bomba juu ya mfereji. Mlinzi aliwasimamia kama vile ni nyumba yake inajengwa.

Jumatatu, 20 Aprili
Mvua. Wagonjwa wawili tu wa bondeni.

Jumatatu, 27 Aprili
Mvua kubwa, mfereji umefurika. Hakuna hata mmoja. Vidoti amenipigia simu kusema tu hivyo: "Hakuna hata mmoja, dada." Nilimwona vibaya mwanzoni. Yule haangalii watu kutafuta kilichopungua. Anaangalia aliyepungua.

Jumatatu, 4 Mei
Imetokea kama mlinzi alivyosema.

Watu wa ofisi ya ardhi wamepita asubuhi, mlango kwa mlango, na notisi. Karatasi nzuri nyeupe, nembo juu, mhuri chini. Eneo si salama kwa afya ya binadamu, wakazi waondoke kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Wametumia ramani yetu. Wamefuata namba zetu za turubai, moja moja, bila kukosea hata nyumba moja. Watu wamekaa vizingitini na karatasi mapajani.

Nilifika kwa mlinzi nikiwa na maneno ya kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono. "Usiniombe radhi. Kaa unisomee hii, miwani yangu imevunjika."

Nikamsomea. Kwa mkazi wa nyumba namba 22, Bondeni.

"Rudia hapo juu."

Nikarudia.

"Nani kaandika hivyo?"

"Manispaa, mzee. Mkurugenzi mwenyewe ametia saini."

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na nikadhani analia.

Jumanne, 5 Mei
Nilipofungua dirisha wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Mkaa. Nyuma yake mlinzi, nyuma yake Mama na magoti yake, nyuma yao foleni imetoka getini hadi barabarani. Kila mmoja na notisi yake mkononi, nyingine zimewekwa ndani ya nailoni zisilowe.

"Nataka kadi," akasema Mama Mkaa. "Anwani hii hapa."

Nikaichukua karatasi nikaenda nayo ofisini.

"Hii ni notisi ya kuwafukuza," mfawidhi akasema.

"Ndiyo, daktari. Ina mtaa, ina namba, ina mhuri wa manispaa."

Aliisoma mbele, akaigeuza nyuma ingawa nyuma hakuna kitu. Akachungulia foleni. Niliona kinywa chake kikikataa kucheka na kushindwa.

"Ingiza," akasema. "Ingiza wote. Na ile barua ya onyo niletee, nimeikosea tarehe."

Vidoti alikuwa ameshaufungua mtaa mpya kwenye mfumo. Niliandika B, na kompyuta ikamalizia yenyewe: Bondeni.

Ijumaa, 8 Mei
Kadi zimekamilika. Hesabu ya chanjo imetumwa, sisi tukiwemo, kila mtu. Wanasheria wawili wa msaada wa bure wamekuja kuangalia notisi na wamezipiga picha zote. Wamesema kazi ipo, na ni ngumu. Mama amewaambia ngumu tumeizoea, walete kalamu.

Fundi amekuja dirishani kuuliza nyumba yake ina watu wangapi sasa.

"Wawili, mzee wangu."

"Wawili!" Akamgeukia mkewe. "Umesikia? Nimebaki na wewe tu, na wewe ndiye uliyekuwa unanigombeza kuliko wote mia tatu."

Jumatatu, 11 Mei
Mvua imepungua. Chanjo imeanza, uwanja wa mkaa, Mama Mkaa akiita namba za nyumba kwa sauti.

Mimi nilibaki dirishani. Saa nne simu ya mapokezi ikalia. Ofisa wa ardhi, sauti ya mtu aliyeketi kwenye kiti kirefu.

"Nani amewaruhusu kuandikisha watu kwa namba za pale bondeni? Zile namba hazitambuliki."

"Zimetoka ofisini kwako, mheshimiwa."

"Zimetoka wapi?"

"Subiri nikusomee." Nilikuwa na notisi yetu kwenye droo ya juu. Nikaisoma kwa sauti, foleni nzima ikisikia, tangu nembo hadi saini: kwa mkazi wa nyumba namba 63, Bondeni. "Huyo mkazi ni mimi," nikamwambia. "Ukitaka kunipata tena, anwani unayo."

Akakata simu. Nikamwita anayefuata.